Mwongozo kamili: Kupima mwenyewe nyanya inayostahimili wadudu kabla ya kununua mbegu ya ekari nzima

Kila msimu kilio ni kile kile. Mkulima wa Subukia, kaunti ya Nakuru, ameuziwa mbegu akaambiwa haiguswi na wadudu. Amepanda nusu ekari, na kufikia wiki ya sita majani yamekauka kama yaliyopitiwa na moto. Mwenzake wa Ahero amenunua mbegu iyo hiyo kwa kuwa binamu yake aliyeko Njoro alivuna vizuri, lakini yeye mwenyewe hakupata hata pesa za kulipa dawa.

Wote wawili waliamini maneno kuhusu mbegu bila kuuliza mmea wenyewe. Mimi pia nilipoteza msimu mzima hapa Bahati kwa njia hiyo. Muuzaji alinihakikishia, nami nikapanda zote mara moja.

Niseme wazi mapema: sijawahi kuona nyanya ya kununua dukani ambayo Tuta, yule nondo mdogo ambaye viwavi wake hutoboa majani na matunda ya nyanya, haigusi kabisa. Kilichopo ni tofauti. Kuna aina ambayo nondo hutagia mayai machache, kuna ambayo kiwavi hudumaa ndani ya jani lake, na kuna inayoliwa sana na bado inabeba. Tofauti hizo zinaonekana kwa macho na zinahesabika, na zinaweza kukupunguzia safari za kubeba pampu mgongoni. Kazi ya mwongozo huu ni kukufundisha kuzitafuta katika kishamba kidogo, kwa misimu miwili, kabla hujatoa pesa kubwa.

## Vitu vya kuandaa

- Mbegu za aina 3. Moja lazima iwe ile unayojua kwa hakika kuwa wadudu huishambulia kwenye udongo wako. Kwa wengi hiyo ni Cal J au Rio Grande. Tutaiita kipimo.
- Kitalu au trei, na neti ya kukifunika.
- Kipande cha ardhi cha mita 5 kwa 8, chenye jua la kutwa nzima.
- Vibao 9 vya kuandikia majina.
- Lenzi ya mkono inayokuza mara 10. Ukiishika mbele ya kamera ya simu unapata picha ya kulinganisha baadaye.
- Vitambaa vyeupe vya pamba, vipande 15 vya ukubwa wa kiganja.
- Mitungi 9 ya plastiki inayopenya mwanga, ya lita 2 hivi, soksi kuukuu za nailoni za kufunika midomo yake, raba bendi, pamba, na vichupa 9 vidogo vya dawa vilivyooshwa.
- Brashi laini ya rangi, kama ile ya watoto wa shule.
- Mzani, hata ule wa kuning'iniza.
- Daftari na penseli. Kalamu ya wino hufifia daftari likilowa umande.

Kifungashio kimoja cha mbegu chotara kina mbegu nyingi kuliko unazohitaji hapa. Ukiwa na majirani wawili, kila mmoja anunue aina moja, kisha mgawane. Hapo gharama inashuka, na mnapata majaribio matatu badala ya moja.

## Hatua ya 1: Mjue anayekumaliza

Usianze na mbegu, anza na mdudu. Tabia ya mmea inayomzuia mdudu mmoja inaweza kumkaribisha mwingine, kwa hiyo mtu anayetafuta nyanya ya kushinda wadudu wote anatafuta kisichokuwepo.

Tembea shambani, lako au la jirani, ugeuze majani.

Tuta, aliyeingia Kenya karibu mwaka 2014, huchora mabaka mapana yanayofanana na malengelenge. Ngozi ya jani hubaki, nyama ya ndani imeliwa. Ukiliinua jani juani utaona kiwavi ndani na kinyesi cheusi kimerundikwa upande mmoja. Wengi humchanganya na mchora-majani wa kawaida, ambaye mistari yake ni myembamba na hupindapinda kama nyoka. Huyo wa pili hutia hasara ndogo zaidi.

Nzi weupe hukaa chini ya jani na huruka kama majivu ukitikisa mmea. Madhara yao makubwa ni virusi vya kukunja majani na kuyatia manjano, ambavyo hueneza kutoka mmea hadi mmea.

Utitiri mwekundu si mdudu kamili, ana miguu minane kama buibui. Nimemweka hapa kwa sababu huonekana kiangazi pamoja na hao wengine, na jani humzuia kwa njia zile zile. Dalili zake ni vidoa vidogo vya manjano na, baadaye, utando mwembamba kama wa buibui.

Chagua maadui wawili, si zaidi. Nakuru na viunga vyake naona watu wengi wakianza na Tuta na nzi weupe. Kwenye joto la Kano na Muhoroni, utitiri asisahaulike.

Umefaulu ikiwa unaweza kumwonyesha mtoto jani na kumwambia ni nani amelila, bila kukisia.

## Hatua ya 2: Soma pakiti bila kujidanganya

Hapa ndipo pesa nyingi hupotelea. Pakiti ya nyanya chotara ina herufi ndogo ndogo, na muuzaji huzisoma zote kama kitu kimoja: "inastahimili". Zinasema mambo tofauti.

V na F ni kuvu wa udongoni wanaonyausha mmea. N ni minyoo fundo, wale wanaotia mizizi vinundu. TYLCV ni virusi vya manjano na kukunjamana kwa majani. HR maana yake ukinzani mkubwa, IR ukinzani wa wastani.

Angalia vizuri: kati ya herufi hizo hakuna inayosema Tuta. TYLCV inasema kuwa mmea utavistahimili virusi, haisemi kuwa nzi weupe hawatatua. Watatua, watafyonza, wataacha utomvu wa sukari unaoota ukungu mweusi. Mkulima aliyeacha kuwadhibiti kwa kuwa pakiti ina TYLCV hujikuta na matunda meusi yasiyouzika.

Herufi N ina siri yake. Ukinzani huo ulitoka kwa nyanya pori ya Peru, na jeni yake huwapunguza pia baadhi ya vidukari na baadhi ya nzi weupe. Lakini nguvu yake hulegea udongo unapopita nyuzi joto 28 hivi. Nakuru, iliyo karibu mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, udongo haufiki huko kwa urahisi. Kisumu, karibu mita 1,130, udongo mtupu wa kiangazi unafika. Ndiyo maana sifa ya mbegu iliyopimwa Njoro, karibu na Nakuru, haiwezi kubebwa kama ilivyo hadi Ahero, karibu na Kisumu. Ukiwa nyanda za chini na umenunua mbegu yenye N, funika udongo kwa nyasi kavu ili upoe.

Nunua pakiti yenye stika ya KEPHIS, shirika la serikali linalokagua mbegu, kwangua na utume ujumbe kwa namba iliyo kwenye stika hiyo kabla hujafungua. Mbegu bandia itaharibu jaribio lako lote na hutajua kwa nini.

Onyo: usitumie mbegu ulizokamua kutoka tunda la chotara. Watoto wa chotara hawafanani. Utakuwa unapima mimea kumi tofauti ukidhani ni aina moja.

## Hatua ya 3: Kitalu

Panda aina zote tatu siku moja, udongo mmoja, chini ya neti moja. Mche uliotangulia kwa wiki moja huwa na majani mengi, na majani mengi huita nondo wengi. Utadhani mbegu ni mbaya, kumbe ni umri.

Neti isiwe na tundu. Virusi vikiingia kitaluni, jaribio limekwisha kabla halijaanza.

Pandikiza baada ya wiki 4 hadi 5, miche ikiwa na urefu wa penseli. Miche iliyodumaa au kupinda iache, hata kama ni ya aina unayoipenda.

## Hatua ya 4: Gawa kishamba chako

Utapanda miche 72: aina 3, mara 3, miche 8 kila kituo. Kituo kimoja ni mistari miwili ya miche minne. Acha sentimita 75 kati ya mistari na 50 kati ya mche na mche.

Gawa ardhi kuwa mapande matatu, kila pande liwe na vituo vitatu vikiwa bega kwa bega. Acha njia ya mita moja kati ya pande na pande. Katika kila pande, aina zote tatu ziwepo, ila mpangilio ubadilike. Andika majina kwenye vijikaratasi, mwambie mtu avute bila kuangalia, mara tatu.

Kwa nini mara tatu? Kwa sababu wadudu hawatui sawasawa. Upande ulio karibu na shamba la viazi la jirani hupata Tuta kwanza, kwa kuwa Tuta hula viazi pia. Upande wa upepo hupata nzi weupe. Ukipanda aina moja pembeni na nyingine katikati, utakuwa umepima pembe za shamba.

Epuka kivuli cha mparachichi au mgrevilea. Jani la kivulini hutoa vinyweleo vichache, na vinyweleo ndivyo tutakavyosoma.

Onyo kwa wa Kano na kando ya ziwa: usipande mahali ambapo nyanya, pilipili, biringanya au viazi vilinyauka mwaka jana. Mnyauko wa bakteria utakuua miche ukidhani ni wadudu. Mche ukinyauka ghafla bado una rangi ya kijani, kata shina karibu na udongo, litumbukize kwenye glasi ya maji safi. Uzi mweupe kama maziwa ukishuka kutoka kwenye shina, hayo ni bakteria. Uandike mche huo daftarini kama umekufa kwa ugonjwa, wala usiuhesabu upande wa wadudu.

## Hatua ya 5: Lisha sawa, na usizidishe CAN

Kila shimo lipate kiasi kile kile cha samadi iliyooza na DAP, mbolea ya kupandia, iliyochanganywa na udongo. Maji vivyo hivyo.

CAN, mbolea ya naitrojeni ya kukuzia, ndiyo inayowaponza wengi. Naitrojeni ikizidi, jani hulainika, hujaa chakula, na hupunguza kinga zake. Nzi weupe na Tuta hunawiri juu ya jani la namna hiyo. Ukiona nyanya zako zina rangi ya kijani iliyokolea sana na majani mapana yanayomeremeta, jua umewaandalia karamu. Weka CAN kwa kipimo, kifuniko cha soda kimoja kwa kila mmea, usirudie mpaka mmea uonyeshe haja.

Kuhusu dawa: za ukungu puliza kama kawaida, kwenye vituo vyote siku moja. Za wadudu usipulize. Najua hili linauma moyo, lakini mmea uliopuliziwa hauwezi kukuambia kinga yake ni ya nani.

Weka mpaka wa kutopuliza huko. Mimea ya kipimo ikipoteza nusu ya majani, umeshaona ulichotaka kuona. Puliza vituo vyote siku hiyo, uandike tarehe, na ufuate siku za kusubiri zilizoandikwa kwenye chupa kabla ya kuvuna. Kishamba kisichopulizwa kikiachwa bila mpaka huwa kiwanda cha Tuta kwa kijiji kizima, na majirani watakuwa na haki ya kukasirika.

## Hatua ya 6: Soma jani

Hii ndiyo hatua ninayoipenda, na ndiyo ambayo wengi huiruka.

Shika jani la nyanya ulitazame pembeni kwa lenzi, mwanga ukiwa nyuma yake. Utaona vinyweleo, kama malaika ya mkononi. Viko vya namna mbili. Vya kwanza ni vikavu, vina ncha tu. Vya pili vina kichwa cha duara kwenye ncha, kama njiti ya kiberiti. Ndani ya vichwa hivyo mna utomvu unaonata na ile harufu kali ya nyanya. Kidukari au utitiri akivigusa, vichwa hupasuka, utomvu humganda miguuni na mdomoni. Akiwa mdogo sana hufia hapo hapo.

Nyanya pori za Amerika Kusini zimejaa vichwa hivyo. Solanum pennellii jani lake hunata kama limepakwa asali, kwa ajili ya sukari maalumu inazotoa. Solanum habrochaites ina kemikali zinazowaua wadudu wadogo. Nyanya zetu za sokoni zimebaki na sehemu ndogo ya urithi huo, ila hazikubaki nao kwa kiasi sawa, na hiyo ndiyo tofauti tunayoitafuta.

Subiri wiki ya 4 baada ya kupandikiza. Usisome majani ya mche mchanga. Karibu nyanya yoyote ikiwa mche huwa na vinyweleo vyenye vichwa ambavyo hupotea mmea ukikua, hivyo mche utakudanganya.

Fanya hivi:

1. Nenda saa nne asubuhi, umande ukiwa umekauka na mvua haijanyesha tangu jana. Maji huosha utomvu.
2. Chagua mimea 5 ya kila aina, kutoka mapande yote matatu. Kwa kila mmea tumia jani la tatu lililokunjuka kabisa, ukihesabu kutoka juu.
3. Lishike katikati ya kitambaa cheupe, fikicha mara 10 kwa nguvu ya kawaida. Kila mmea kitambaa chake.
4. Kagua kitambaa juani. Vichwa vikiwa vingi utaona doa la kijani lenye umanjano, na kitambaa kitanata kidoleni.
5. Toa alama: 0 hakuna doa, 1 doa hafifu, 2 doa wazi, 3 doa lililokolea na kunata.
6. Nawa kwa sabuni kabla ya kwenda aina nyingine. Mikono hubeba virusi kutoka mmea hadi mmea, hasa ya anayevuta sigara.
7. Sasa geuza jani jingine, utazame chini yake kwa lenzi. Nzi weupe hutaga huko, kwa hiyo vichwa vya upande wa juu peke yake havitoshi.

Onyo ambalo halisemwi vya kutosha: jani lenye manyoya mengi si lazima liwe na kinga. Vinyweleo vikavu vikisongamana, nzi weupe hupata pa kujificha na hutaga zaidi. Watu wengi hupapasa jani, wakahisi ukwaruzo, wakasema "hii ni ngumu kwa wadudu". Tafuta vichwa, usidanganywe na manyoya.

Na utomvu una gharama yake. Hunasa pia nyigu wadogo wanaotaga ndani ya mayai ya wadudu, na hupunguza mwendo wa utitiri wema wanaowala utitiri wabaya. Aina yenye alama 3 inaweza kuwa na marafiki wachache shambani. Liandike hilo, usilikatae.

Umefaulu ikiwa mimea minne kati ya mitano ya aina moja imepata alama ile ile. Zikitofautiana sana, ama mbegu imechanganyika ama hukuchukua jani la nafasi moja.

## Hatua ya 7: Hesabu kila wiki, siku ile ile

Anza wiki ya 2 baada ya kupandikiza, endelea hadi wiki ya 10. Nenda kati ya saa moja na saa tatu asubuhi. Baridi hiyo huwafanya nzi weupe wawe wazito kuruka, nawe utawahesabu wakiwa wametulia.

Katika kila kituo chukua mimea 4 ya kudumu, uifunge kitambaa. Kwa kila mmea tazama majani 3: la juu, la kati, la chini. Hayo ni majani 36 kwa kila aina. Sababu ya kuchukua urefu wote ni kwamba nzi weupe wazima hupenda majani machanga ya juu, huku utitiri mara nyingi wakianzia chini.

Kwa Tuta, hesabu majani yenye baka lenye kiwavi hai. Baka kavu tupu ni habari ya wiki jana. Kwa nzi weupe, geuza jani polepole kwa kushika ncha, hesabu wazima. Kwa utitiri, pigapiga jani juu ya karatasi nyeupe, hesabu vidoa vinavyotembea.

Mfano wa kusoma hesabu. Tuseme majani yenye kiwavi hai, pande kwa pande, yamekuwa hivi: kipimo 9, 4 na 11. Aina ya pili 5, 2 na 6. Aina ya tatu 10, 1 na 9. Aina ya pili imekishinda kipimo katika mapande yote matatu, hivyo inastahili kufuatiliwa. Aina ya tatu imeshinda mara mbili na kushindwa mara moja, na ushindi wake mkubwa uko pande la kati ambako hata kipimo kilipata Tuta wachache. Hiyo bado si kinga.

Kanuni yangu ni kuamini tofauti iliyoelekea upande mmoja katika mapande yote, kwa wiki tatu mfululizo. Chini ya hapo naendelea kuhesabu.

Ukiwa huko, angalia na umbo la mmea. Mmea uliofunga majani kama kichaka huficha wadudu na huzuia dawa isifike ndani, hata kama jani lake lina kinga. Mmea ulioachia hewa hurahisisha kila kazi inayofuata.

## Hatua ya 8: Jaribio la mtungi

Hili ni jaribio la siku tano, na ndilo litakalokuokoa na kosa kubwa kuliko yote.

Nondo wa Tuta akiwa na aina tatu mbele yake, huchagua. Ile asiyoipenda huonekana shujaa. Kisha wewe unapanda ekari nzima ya shujaa huyo, nondo anakosa pa kuchagua, na anataga hapo hapo. Kinga iliyotegemea uwepo wa jirani mtamu zaidi hupungua jirani akiondoka. Unahitaji kujua kama jani lenyewe humdhuru kiwavi asipokuwa na pengine pa kwenda.

Chukua majani yenye ukubwa sawa, matatu kwa kila aina, kutoka mimea isiyopuliziwa. Kila jani tumbukiza kikonyo chake katika kichupa cha maji, ziba mdomo kwa pamba ili viwavi wasizame. Weka ndani ya mtungi.

Kutoka majani yaliyoathirika ya shamba jingine, toa viwavi wadogo wa urefu wa milimita 2 hadi 3 kwa kutumia brashi. Usitumie kidole, utawaponda. Weka 5 kwa kila mtungi, funika kwa soksi, funga kwa raba. Mitungi yote ikae ndani ya nyumba, mbali na jua la moja kwa moja.

Siku ya tano fungua majani juani. Hesabu walio hai, walinganishe ukubwa, kadiria sehemu ya jani iliyoliwa.

Ukikuta viwavi wa aina ya pili wamekufa au wamedumaa huku wa kipimo wamenenepa, jani lina kinga yake lenyewe. Hiyo itakwenda nawe hadi ekari nzima. Ukikuta wote wamenona sawa, lakini shambani aina ya pili ilikuwa na mabaka machache, basi nondo aliikwepa tu. Bado inafaa, ila usiipande peke yake. Izungushie mistari miwili ya kipimo, uitumie kama chambo, na dawa yako uielekeze huko kwanza.

Ukimaliza, mimina kila kitu katika ndoo ya maji ya sabuni. Usitupe nje ya dirisha.

## Hatua ya 9: Tunda na mzani

Kuna mmea unaoliwa sana na bado unakulipa. Huo nao una kinga ya namna yake: huvumilia. Hutaujua bila mzani.

Kila mchumo, tenga matunda ya kila kituo mafungu mawili, yanayouzika na yaliyotobolewa. Pima yote mawili. Usiandike idadi peke yake, kwa sababu mama mboga wa Kibuye au soko la Wakulima Nakuru hatanunua idadi.

Tazama tundu liko wapi. Tuta mara nyingi huingilia chini ya vile vijani vinavyoshika kikonyo cha tunda, kwa hiyo ngozi ngumu ya tunda haimsumbui sana. Ngozi ngumu ni sifa nzuri kwa safari ya lori, msiichanganye na kinga. Funza mkubwa wa matunda hutoboa tundu pana la duara, mara nyingi mwili wa nyuma ukibaki nje.

Umefaulu ikiwa unaweza kusema, kwa kila aina, kilo ngapi zilizouzika zilitoka kwenye miche 24, na ngapi zilitupwa kwa ajili ya nani.

## Hatua ya 10: Rudia kiangazi, kisha uamue

Jaribio la masika litakuonyesha ukungu zaidi kuliko wadudu. Mvua nyingi huwaosha nzi weupe na kuwapunguza utitiri, na aina dhaifu huonekana salama. Kama ulianza Machi, rudia kwa maji ya kumwagilia kuanzia Desemba. Kiangazi ndicho hakimu.

Aina iliyofanya vizuri misimu yote miwili ipande robo ekari, ukiendelea na mitego ya feromoni (harufu inayowavuta nondo dume) na ukaguzi wa kila wiki. Ninachoamulia hapo ni daftari la dawa: ikiwa nimepuliza mara chache kuliko msimu uliopita na kilo hazikushuka, naongeza eneo. Ikiwa idadi ya kupuliza haikubadilika, narudi na aina nyingine mbili kwenye kile kishamba cha mita 5 kwa 8.

Siku ya mwisho ya jaribio, usiache mabua yamesimama. Tuta humaliza ukuaji wake ndani ya udongo na kwenye majani makavu. Ng'oa kila mmea na mizizi, rundika, funika kwa karatasi nzito ya plastiki iliyobanwa kwa udongo pande zote, uache juani wiki tatu. Kisha lima udongo ugeuke, na mahali hapo msimu unaofuata panda maharagwe, mahindi au sukuma wiki, kitu chochote kisicho ndugu wa nyanya.